Yowe la Bure

Jumamosi jioni

Miezi mitatu hujakanyaga hapa, Koku! Mjukuu gani wewe? Na leo umekuja na baiskeli yako kunitia wazimu. Nayaandika haya kwa herufi ulizonifundisha mwenyewe, uje uyasome.

Ulinipigia ukitoka Kayanga. Baada ya hapo simu haipatikani. Nikangoja, nikangoja, nikashindwa. Nikapiga yowe. Majirani wote wakatoka na mapanga, hata mzee wa goti bovu.

Wewe ukaibuka kilimani, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine umeshika muwa!

"Bibi, simu ilikuwa inapima kilomita, ikamaliza chaji."

"Na kile kidude ulichonunua cha kupimia?"

"Nimekiacha. Siku hizi simu inafanya yote."

Yote, isipokuwa kunipigia mimi!

Majirani nimewaomba radhi, matoke yako nimewalisha wao. Lakini moyo haujatulia. Nikipiga yowe tena watasema bibi kazoea. Na siku ukianguka kweli kwenye ule mteremko, nani atatoka?

Ukija tena, kidude kipime kilomita. Simu ikae mfukoni, na chaji yake ni yangu.