Filamu Uliyomtumia Tabby

Kibomet, Kitale
Agosti 2006

Gathoni,

DVD uliyomtumia mwanao tumeitazama sote. Mama yako aliisifu kwa nyimbo zake. Mimi siitaki, na nitakueleza sababu. Mtoto anayemngoja mama akimwona mama wa filamu, aliyegeuzwa ndege na mchawi, akirudi nyumbani, huamini.

Jana mwewe alinyakua kifaranga. Nilipookota jiwe, Tabby alinishika mkono mimi babu yake: "Guka, wacha! Si huyo ni mama?"

Wewe hukurogwa. Uko hapo Bungoma na mume ambaye hujamwambia kwamba una mtoto. Usitume filamu nyingine. Jumamosi nitamleta Tabby mlangoni kwako, naye atakuita mama mbele ya huyo bwana. Jitayarishe kuitika.

Baba yako,
Kinyua