Nitatafunaje Mbele ya Mama Mkwe?

Mama Zipora, shikamoo. Ninaomba unisaidie haraka, jambo lenyewe siwezi kumweleza mchimbaji mwenzangu asicheke.

Mimi ni Thobias, nasaga mawe ya dhahabu kwenye karasha hapa Nyarugusu. Mama mkwe wangu wa kijijini Didia alikuwa haoni, mtoto wa jicho macho yote mawili, na mgongo wake hauwezi kukaa kwenye basi kutwa nzima, basi nikampeleka Dar akapasuliwe, kwa ndege kutoka Mwanza, mimi mwenyewe kwa kuwa mke wangu Lusia ana kichanga, na namshukuru Mungu jicho la kulia limefunguka, karudi nyumbani anawataja ng'ombe kwa rangi zao, majirani wakaja kushangaa, nami nikatembea kifua mbele. Lakini ndani ya ndege tulikaa bega kwa bega, na unajua kwetu Usukumani mkwe hali chakula mbele ya mama mkwe wake, hatafuni wala hapanui kinywa, hivyo mhudumu alipopita na pipi nikakataa, naye mama akakataa, na ndege ilipoanza kushuka masikio yakaziba, kisha yakauma kama yanapigwa msumari, nikachomeka pamba kama tunavyofanya karasha linaponguruma, haikusaidia kitu, nikabana meno huku machozi yananitoka, nikidhani mama hana shida maana alitulia tu ndani ya kanga yake. Kumbe naye alikuwa anaumia kimyakimya.

Sasa daktari anatuita kwa jicho la pili na mama amekataa katakata. Amemwambia Lusia, "Moja linanitosha. Kule juu masikio nusura yapasuke, na siwezi kumpanulia mkwe wangu mdomo kama kiboko." Daktari anasema tukichelewa jicho hilo litakuwa gumu zaidi kutibu. Nifanyeje?

Thobias, Nyarugusu

Marahaba, Thobias. Pokea kwanza pongezi zangu. Umemrudishia mama wa watu jicho, na kifua mbele ni haki yako.

Sasa nikugombeze. Pamba ni ya kelele, mwanangu, na kilichowaumiza si kelele, ni hewa. Ndege inaposhuka, hewa ya nje inaisukuma ngoma ya sikio, na kijia kinachotoka nyuma ya pua kwenda sikioni kinakuwa kimefunga. Hufunguka unapomeza, unapotafuna, unapopiga mwayo. Ninyi mkafanya nini? Mkafunga vinywa kwa heshima. Nawapenda kwa heshima hiyo, ila masikio hayajui ukwe.

Usithubutu kumwambia mama avunje mila yake. Badilisha viti. Omba yeye akae mbele na wewe nyuma yake kabisa, akihitaji mkono unamfikia, na hakuna anayemwona mwenzake akitafuna. Ulishindwa nini kuliwaza hilo mara ya kwanza? Lusia ndiye ampe mama jojo za kutafuna kabla hamjaondoka, si wewe. Ndege ikianza kushuka asilale, atafune, ameze mate, apige miayo bila aibu. Asibane pua na kupuliza kwa nguvu, hasa akiwa ametoka kupasuliwa jicho. Mwenye mafua amwone daktari kabla ya kupanda, na sikio likiendelea kuuma baada ya safari, nendeni hospitali. Lusia amweleze mama yake haya yote leo, na mpande hiyo ndege.

Tarehe ya daktari ilikuwa karibu, kwa hiyo jibu hili nilimtumia Thobias kwa simu kabla ya kulichapa gazetini. Nilicheka, kisha nikalia, nilipopata ujumbe wake kutoka uwanja wa ndege wa Mwanza:

"Mama Zipora, tumetua, na jicho la pili limefunguka. Ndege ilipoanza kushuka nikasikia mwayo kutoka kiti cha mbele, mkubwa wa kuita ng'ombe, abiria wakageuka, mama wala hakujali. Nami nikaachia wangu. Masikio yakazibuka, hakuna maumivu hata kidogo. Mara mkono wake ukapenya pembeni ya kiti ukiwa na jojo, yeye mwenyewe hakugeuka. Tangu nimuoe binti yake hajawahi kunipa kitu cha kutia kinywani kwa mkono wake. Akasema, 'Tafuna, baba, usione haya. Mimi huku naangalia ziwa.'"