Mayu, Nimeendesha Baiskeli na Minza

Mayu, mama yangu,

Habari za Dutwa unazijua, mvua ikinyesha inakunyeshea na wewe hapo ulipolala. Kwa hiyo nianze na zile usizozijua. Mwanao nimefika Ufaransa, na huko nimeendesha baiskeli kwenye barabara za changarawe zinazokatiza mashamba ya watu, mimi na mdogo wangu, Minza wako.

Ulipofariki, Minza alikuwa hospitali huko huko, ametoka kupasuliwa, na mtoto wake aliyezaliwa kabla ya wakati yuko kwenye mashine ya joto. Hakuja kukuzika. Hilo hakuna aliyemlaumu. Kilichoniumiza ni kilichofuata. Tukiongea kwenye simu ananiuliza shule ninayofundisha, ananiuliza mvua, ananiuliza pamba. Wewe hakuulizii kabisa. Nikianza tu, "Siku ile mama...", ananikatiza: "Dada, mtandao unasumbua." Mtandao wenyewe ulikuwa mzuri, mayu. Nilimsikia akimeza mate.

Mwaka huu akanitumia tiketi. "Shule zikifunga, njoo nikuonyeshe barabara za huku. Wikiendi tunaendesha baiskeli vijijini. Utapenda."

Nikaenda. Nilijiambia kwamba mtu akikuita kutoka mbali hivyo, ana neno, hata kama mwenyewe bado hajalijua.

Unaikumbuka baiskeli nyeusi uliyoinunua kwa pamba yako baada ya baba kututangulia? Baba mkubwa alisimama mlangoni akashika kiuno: "Mjane juu ya baiskeli! Watu watasemaje?" Wewe ulikuwa unajaza upepo, hata hukuinua kichwa. Ukamjibu, "Watasema anapita."

Ukapita kweli. Dutwa hadi Bariadi, kabla ya lami, Minza kwenye keria na mimi nimekaa upande kwenye chuma cha mbele, kuku wananing'inia kwenye usukani vichwa chini. Masika udongo mweusi wa mbugani ulijaa kwenye madigadi hadi magurudumu yakagoma. Ulikuwa unatushusha, unavunja kijiti, unachuchumaa kuchokoa tope taratibu kama unayemtoa mtoto mwiba. "Acheni na yeye apumue," ulikuwa unasema, kana kwamba baiskeli ina mapafu. Halafu unaosha mikono kwenye dimbwi, unatupandisha, tunaendelea.

Basi Minza alinipeleka mahali paitwapo Morvan, nchi ya vilima na misitu. Mkweo Luka alibaki nyumbani na mtoto. Tulipewa baiskeli ambazo ungezicheka: usukani umepinda kama pembe za kondoo dume, tairi zina meno, gia ni nyingi hadi sikujua nianze na ipi. Lakini barabara, mayu! Nilidhani nitakuta lami kila mahali. Tukaiacha lami mara moja, tukaingia njia ya changarawe nyeupe yenye majani katikati, na vumbi likanipanda mguuni hadi magotini.

"Minza," nikamwambia, "umenipandisha ndege kuja kufuata vumbi?"

Akacheka. Kicheko chake ni kile kile, kinaanzia puani.

Tulilala kwenye nyumba za wageni za vijijini, asubuhi tunapanda tena. Njia zinapita kwenye ngano iliyovunwa, zinashuka kwenye vijito, zinaingia msituni ambako changarawe inalia chini ya tairi na husikii kingine. Ng'ombe wa kule ni weupe watupu, wamenona kiasi kwamba wakikutazama unaona aibu kwa kukonda. Na hawana mchungaji. Nilisimama kwenye uzio nikiwaangalia, Minza akaniita kwa Kisukuma, "Twende, dada, hao wana mwenyewe!" Nilishtuka. Tangu nifike tulikuwa tunaongea Kiswahili tu. Kisukuma chake kilikuwa kimekaa ndani muda mrefu, kikatoka chenyewe kwa sababu ya ng'ombe.

Halafu tukafika kijiji kimoja chenye nyumba za mawe, tukasimama kwenye geti la bibi mmoja kuomba maji. Bibi akatujazia chupa, akatuletea na matunda madogo ya rangi ya zambarau kwenye aproni yake. Akanitazama, akamwuliza Minza jambo. Minza akamjibu kwa maneno machache, na ghafla uso wake ukabadilika. Akaaga, akapanda baiskeli, akaondoka haraka. Nilimfukuzia hadi kilima kikanikata pumzi.

Nilipomfikia nikamwuliza, "Yule bibi alikuuliza nini?"

"Aliniuliza wewe ni nani."

"Ukasemaje?"

Alikuwa anatazama mbele. "Nimesema ni dada yangu. Ametoka kwa mama."

Tuliendesha sambamba, njia ilikuwa pana kidogo pale. Mvua ikaanza, ya kule, nyembamba isiyo na haraka, na changarawe ikaisha, tukaingia kwenye njia ya udongo kando ya shamba. Udongo ule ulikuwa wa mfinyanzi. Haukupita muda, magurudumu ya Minza yakagoma kabisa.

Akashuka. Akatazama huku na huku, akavunja kijiti kwenye ua wa shamba, akachuchumaa, akaanza kuchokoa taratibu. Nilisimama juu yake nikaona shingo yako, mayu. Nikaona mikono yako. Mvua inamtiririkia na yeye anachokoa tu, hata pale ambapo tope limeshaisha. Kisha bila kuinua kichwa akaniuliza:

"Mlimzika na nguo gani?"

Nililaza baiskeli yangu kwenye majani, nikachuchumaa karibu naye, nikamwambia. Sare yako ya kwaya, ile ya zambarau, na kitambaa cheupe kichwani. Nikamwambia akina mama wa kanisa walikuosha wakiimba, na wimbo ulipokatika kwa kilio, mwenzao mwingine aliuokota. Nikamwambia ulizikwa upande wa mashariki wa nyumba, kwenye ua wa minyaa, na kwamba baba mkubwa, yule yule, alikataa kukaa kwenye kiti hadi kaburi lilipofukiwa.

"Na mimi?" akauliza. "Watu walisema nini juu yangu?"

"Nilitupa udongo mara mbili, Minza. Mara ya kwanza wangu. Mara ya pili nilisema kwa sauti, huu ni wa mdogo wangu."

Hapo ndipo alipolia. Nilimshika, helmeti zetu zikagongana, na sikumwambia anyamaze. Alipotulia nikampa neno lako, ambalo nilikuwa nimelibeba muda wote huo bila pa kuliweka. Nikamwambia kwamba wewe ulisikia habari za mjukuu. Kwamba ulicheka, ukaomba uinuliwe kwenye mto, ukasema, "Mwambieni Minza asije. Anyonyeshe. Akilia sana maziwa yatakauka."

"Alisema nisije?"

"Alisema unyonyeshe."

Alikaa chini pale pale kwenye tope. "Dada, mimi nilidhani aliniulizia hadi mwisho, na mimi sipo."

"Alikuulizia. Na jibu akajipa mwenyewe."

Mzee mmoja alipita na trekta, akapunguza mwendo, akatuuliza kama tumeumia. Minza alimpungia mkono wenye tope akamjibu kwa Kifaransa. Alimwambia hapana, tunapumzika tu.

Siku zilizobaki alikuwa na wewe mdomoni tu. Kwenye mteremko anapiga kelele, "Dada, unakumbuka mama alivyokuwa anaachia breki?" Kwenye mlima anakuiga unavyoguna. Mezani akawasimulia wenye nyumba habari zako, mimi sielewi Kifaransa lakini nilijua ni wewe, kwa sababu alikuwa anajaza upepo kwa mikono miwili bila pampu, na watu wote wakacheka.

Juzi amekuja nyumbani, mayu. Nilimpokea Mwanza, tukapita Lamadi, mtoto wake Ester amelala mapajani mwangu njia nzima. Jana asubuhi Minza aliamka kabla ya wote, akatwaa kigoda, akaja kwako peke yake. Mimi nilibaki jikoni nikimpa Ester uji. Nilisikia sauti yake huko nje, inapanda, inashuka, mara kimya, mara anacheka. Jua lilikuwa limeshakuwa kali aliporudi.

Nikamwuliza, "Umemwambia nini muda wote huo?"

Akaweka kigoda chini, akamchukua mwanawe.

"Tumesalimiana tu," akasema. "Mengine tutaongea kesho."

Wabeja, mayu, kwa kumpokea. Pumzika, lakini usilale sana asubuhi, una mgeni.

Kifungua mimba wako,
Kabula