Suti Ilipovuja Ziwa Ngosi

Jumamosi

Nimekasirika, na miguu bado haijapata joto. Miezi yote ile ya mazoezi, mitungi ya hewa tumeishusha wenyewe msituni hadi Ziwa Ngosi, halafu suti ya kuzamia inaachia mshono kwapani. Maji ya baridi yaliniingia mpaka kiunoni. Nikakaza meno. Nilitaka kumaliza saa nzima chini ya maji, basi.

Sadiki, mwenzangu wa kuzamia, akanionyesha kidole gumba: tupande juu. Nikakataa. Akanishika mkanda, akanipandisha polepole.

Tulipofika ukingoni nilimfokea. "Umeniharibia. Ningeweza kumaliza."

Alinifunika blanketi, akauliza, "Dada Neema, mwanao anaitwa nani?"

Nikafungua mdomo. Jina halikuja. Nililitafuta, nikaelewa baridi imenivuruga akili, ndipo nikaogopa kweli.

Jioni hii hapa nyumbani Mwanjelwa, mwanangu Atupele alikuwa anakula, nami nikimwita jina lake kila mara. Mwishowe akanuna. "Mama, si nipo hapa?"

Sadiki sijamshukuru. Kesho nitampigia simu. Alikuwa sahihi, na hilo ndilo linaloniudhi kuliko mshono.