Meli Iliyopokonywa Jina

Sunderland, Novemba

Mpwa wangu Winifred,

Mvua haijakatika, na paka wako bado analala kwenye kiti changu.

Nilikuficha jambo. Ulipokwenda Kanada na yule mpishi wa meli, baba yako aliagiza jina lako lifutwe kwenye meli yake kubwa, liandikwe la jimbo lililompa ubunge. Unawajua mabaharia wetu: kwao meli iliyobadilishwa jina ina mkosi. Walishuka wote. "Panda wewe, Mheshimiwa," walimcheka, "uwahutubie samaki ukizama!" Meli ikabaki gatini ikiota kutu, naye hakulegea.

Jumatatu, akiwa mgonjwa hoi, aliniambia, "Shemeji, nipeleke bandarini." Akamwita mpaka rangi. "Andika la binti yangu."

"Hutabadili tena, mzee?" fundi akamuuliza.

"Andika, acha maneno."

Aliketi akitazama kila herufi. Tulidhani amesinzia.

Tulimzika jana. Ubavuni pa meli pameandikwa WINI, kwa sababu hapo ndipo nilipomwita mpaka rangi anisaidie kumbeba. Kesho atamalizia. Nimeona heri ujue kwamba aliyeagiza ni baba yako mwenyewe.

Mjomba wako anayekukumbuka,
Ambrose