Aliyebeba Gurudumu la Kushoto

Baba,

Nakuandikia nikiwa na hasira, na najua hukupenda mtu akuongeleshe akiwa na hasira. Ulikuwa unasema, "Spesi, kunywa maji kwanza." Nimekunywa. Nimenywea kikombe chako cha bati, kile kilichobonyea upande, nikakaa kwenye kiti chako hapa nje, nikaitazama michikichi yetu. Hasira haikutoka. Basi nisikilize hivyo hivyo.

Ubao umewekwa. Ule ubao wa historia ya vita uliokuwa unauulizia hata ukiwa kitandani hospitali. Umesimama pale Rumonge, kwenye njia ya kushukia ziwani, wanapopita akina mama wa samaki. Ni mkubwa, wa buluu, maandishi meupe. Unaeleza lile jeshi la Wabelgiji lililopita huku kwetu kwenye vita ya kwanza ya Wazungu, likawafukuza Wajerumani, likaenda hadi Tabora. Wamelipanga vizuri kama ngazi. Juu kabisa brigedi. Chini yake rejimenti, chini yake batalioni, chini yake kombania. Pembeni wamepanga mizinga, madaktari, watu wa simu ya waya. Maofisa wameandikwa majina yote mawili, wengine matatu. Kuna picha ya kapteni amekaa kwenye kiti cha turubai, miguuni pake mbwa. Chini ya picha limeandikwa jina la kapteni na jina la mbwa. Medori. Baba, mbwa ana jina.

Nyuma ya kapteni wamesimama wanaume sita, mizigo kichwani. Hao wameandikwa "wapagazi", basi.

Na pale chini kabisa, karibu na majani, mstari mmoja: "Mpagazi wa Gatete alibeba gurudumu la mzinga hadi Tabora. Jina lake halikumbukwi na familia."

Halikumbukwi na familia! Nilisoma mara tatu. Mama mmoja mwenye beseni la samaki wadogo wa ndagala akaniuliza, "Dada, unalia nini, kuna tangazo la msiba?" Nikamwambia ndiyo.

Sisi tumesahau? Sisi? Mimi nilijua jeshi lile kabla sijajua kusoma. Kule kwenye makazi ya wakimbizi Tanzania, siku za Jumapili mchana, ulikuwa unatandika mkeka na kumwaga kokwa za michikichi, kisha unazipanga mstari mrefu. Mbele kokwa chache, hao wapelelezi. Halafu askari. Halafu kokwa kubwa, huo mzinga, uliofunguliwa vipandevipande kwa sababu njia haikupitisha gari: mtutu watu wengi kwa mti begani, ngao mtu wake, gurudumu la kulia mtu wake, gurudumu la kushoto Babu. Nyuma yao masanduku ya maofisa, bafu la bati, divai. Halafu wagonjwa. Ulitukataza kuruka mkeka. "Zungukeni, watu wanapita." Na mimi nilizunguka, Baba, nilikuwa naona kabisa kwamba wanapita.

Na kila mara ulifika pale pale. Ulisema alfajiri nyapara hakuita majina. Aliita mizigo. "Gurudumu la kushoto!" Babu anaitika, "Niko." "Ngao!" "Niko." Na mtu akifa njiani, kwa njaa au kwa kuhara, mzigo wake alipewa mwingine, na kesho yake mzigo ukiitwa, unaitika. Kwa hiyo kwenye daftari la nyapara hakufa mtu. Ulikuwa unaishika ile kokwa ya ngao unasema, "Huyu amebadilishwa mara tatu, na daftari halikujua." Halafu unaingiza kokwa zote mfukoni.

Babu alifika Tabora na gurudumu kichwani, akarudi kwa miguu yake. Miaka mingi baadaye wewe ulifika upande huo huo wa Tabora ukikimbia mauaji, na mimi nikiwa mgongoni kwa Mama. Ulisema ulipouliza jina la mji ulicheka peke yako, watu wakadhani njaa imekupanda kichwani. Tuliporudi huku, ulidai mambo mengi kwa watu wengi, shamba, mpaka, michikichi. Kwa ajili ya Babu ulidai kitu kimoja tu. "Picha sitaki. Waandike jina lake, na hilo tu."

Nilimuuliza Mama ilikuwaje. Nisamehe, nilimuuliza kwa sauti kubwa. Alikuwa anachambua maharage, hakuinua uso.

"Walikuja watu watatu na makaratasi," akasema. "Weye ulikuwa kwenye mashine ya mawese, baba yako iko hospitali. Wakauliza, yule wa gurudumu aliitwa nani? Nikawambia, ni databukwe, baba mukwe wangu. Wakasema, jina, mama, jina. Nikasema, mutoto wangu anarudi saa kumi, mumungoje. Wakaangaliana. Wakaandika, wakaenda."

"Mama, kwa nini hukuwatajia?"

Hapo akainua uso. "Nimutaje baba mukwe wangu mbele ya watoto wa watu? Uzee huu nikose adabu?"

Nikaketi nichambue naye. Kweli, Baba, maisha yangu yote sijawahi kumsikia akilitaja. Hata neno linalofanana na jina lile alilikwepa, akatafuta lingine. Nilipokuwa mdogo nilidhani anamwogopa Babu. Wewe ndiye uliyenieleza kwamba mke halichezei jina la baba mkwe wake, analiweka juu.

Ndicho kinachonichoma. Mama alinyamaza kwa sababu jina lilikuwa kubwa mno mdomoni mwake. Wao wakaona bibi kizee amesahau. Na hawakuweza kungoja muda wa saa mbili! Kulikuwa na kivuli, viti vilikuwepo, Mama angewapikia hata mboga za lenga-lenga. Siku ya tatu baada ya hapo wewe ulituacha. Sikuwa na kichwa cha kuwafuata, na hakuna hata mmoja wao aliyerudi, si kuuliza, si kutoa pole.

Jumamosi nilishuka Rumonge. Mama akasema anakuja. Nikamwambia jua kali. Akafunga kitenge chake cha msibani, akatangulia.

Tulimkuta Mwalimu Ferdinandi, yule mstaafu anayeongoza kamati ya ubao, unamkumbuka, mlikuwa mnakaa benchi moja kanisani. Alikuwa anamwonyesha Saidi mahali pa kuongeza rangi. Saidi ni yule anayeandika majina ya mitumbwi, na ubao ni kazi ya mkono wake.

Nikasema, "Mwalimu, amahoro. Babu yangu ana jina."

"Dada Spesi, pole sana na msiba," akasema. "Lakini elewa. Hii ni historia ya jeshi, ina mpangilio wake. Wapagazi walikuwa maelfu. Tungewaandika wote, ubao gani ungetosha?"

"Mbwa ametosha."

Akina mama wa samaki wakacheka. Mmoja akasema, "Medori alibeba nini, mwalimu? Mkia?" Mwalimu akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Nilimwonea huruma kidogo, Baba. Ni mtu mpole. Lakini ubishi wake ulikuwa wa makaratasi.

"Mbwa yumo kwenye hati," akasema. "Babu yako hayumo. Kamati ilikwenda kwenu, familia haikutoa jina. Sasa jina linakuja baada ya rangi kukauka. Itabidi kamati ikae tena, itafute shahidi mzee aliyemjua."

Nilifungua mdomo nimjibu vibaya. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu nyumbani, na mengine usingeyapenda. Kabla sijayasema, Mama akapita mbele yangu. Alisogea mpaka karibu na ubao. Hajui kusoma, lakini picha aliiona. Akaweka kidole kwa kapteni. "Huyu ametajwa?" Saidi akasema, "Ametajwa, mama." Kidole kikashuka kwa mbwa. "Na huyu?" "Ametajwa." Kidole kikaenda kwa wale sita. Saidi akachukua kopo lake la rangi.

Mama akavuta pindo la kitenge, akakaza shingo kama mtu anayenyanyua mzigo, akasema:

"Misigaro."

Mara moja tu. Kisha akafunika mdomo kwa kitenge, macho chini, kama bibi harusi aliyekosea mbele ya wakwe. Akina mama waliomzunguka walikuwa wake za watu, walielewa alichofanya. Hakuna aliyecheka. Mmoja alishusha beseni chini.

Baba, nilisikia jina la Babu kwa sauti ya Mama. Wewe uliyeishi naye miaka yote hiyo hukulisikia. Nilitaka kukupigia simu. Ni kweli, mkono ulikwenda mfukoni.

Mwalimu akasema polepole, "Nitaiambia kamati." Saidi alikuwa ameshafungua kopo. "Iambie, mwalimu. Mimi brashi yangu inakauka." Akapiga magoti kwenye majani, akafuta kwa buluu maneno yale ya uongo, akapuliza, akangoja. Akamgeukia Mama: "Rudia, mama, nisije nikakosea." Mama akatikisa kichwa. Mara moja ilitosha, na hata hiyo ilikuwa imezidi. Nikamsomea mimi herufi moja moja. Ameliandika kwa herufi zile anazoandikia mitumbwi, nene, zenye kivuli chekundu. Hazifanani na za brigedi hata kidogo. Zinaonekana kutoka barabarani.

Tulirudi nyumbani Gatete. Kwenye mlango Mama akaniuliza, "Atakasirika?" Nikamuuliza nani. Akasema, "Databukwe." Nikamwambia hapana. Sijui kama nilimjibu sawasawa. Kama mko pamoja, Baba, muulize Babu, na umwombee Mama radhi. Mwambie hakulichezea.

Usidhani hasira imekwisha. Mbwa bado yupo juu, jina letu lipo kwenye majani. Wale wanaume wa ngao, wote wanne, hawapo popote. Na nimekumbuka kitu. Siku moja ulisema mwenye gurudumu la kulia alikuwa mtu wa Magara, na kwamba Babu alikunywa maji kwenye kibuyu chake, ila jina lake hukuwahi kuambiwa. Wiki ijayo napanda gari naenda Magara. Nitauliza nyumba kwa nyumba kuna nani aliyesimuliwa habari za gurudumu. Na nikimkuta bibi kizee peke yake, akaniambia ngoja mutoto wangu anarudi saa kumi, nitangoja. Hiyo ndiyo ahadi yangu.

Kokwa zako nimezikuta kwenye koti la kanisani. Nimezipanga leo kwenye mkeka. Wajukuu wako wamezunguka.

Pumzika, Baba. Na huko uliko, wakiita alfajiri, usiitike mpaka waite jina.

Mwanao,
Spesi