Kitambaa Kimoja cha Mafuta ya Taa

Jumamosi

Ni mimi mwenyewe nilijiletea hii shida. Utomvu wa ndizi ulikuwa umeganda kwa kiti cha pikipiki, na huku kwetu tunautoa na mafuta ya taa. Ukatoka wote. Kwa ile furaha, kitambaa hicho hicho nikapangusa cheni, rimu, mpaka diski ya breki ya mbele. Iling'aa kama sahani ya wageni.

Leo asubuhi nikambeba mama kuteremka sokoni Mitunguu. Kona ya kwanza nashika breki ya mbele, hakuna kitu! Nikarudi gia ya kwanza, breki ya nyuma nikaikanyaga kidogo kidogo hadi chini ya mteremko. Mama huko nyuma anaimba tu nyimbo za kanisa.

Aliposhuka akanishika bega. "Leo umeendesha kama mtu ako na akili."

Fundi Muthomi ndiye alinigombeza. "Mafuta ni ya cheni, bwana! Diski ni sabuni na maji." Akaiosha, akaweka pedi mpya za breki. Nimeijaribu mara kumi na inashika. Asante Mungu.

Mama sijamwambia. Kesho nampeleka kanisani, na breki ziko sawa kabisa, lakini itabidi niende vile vile pole pole. Tangu ninunue hii pikipiki hajawahi kunisifu ila leo.